Kitu Kinashika

Saa mbili nimetoka Konde, chanjo kwenye boksi nyuma,
barafu yake bado ngumu,
na honda haitaki.
Si kwamba imezimika. Inakwenda,
ila inakwenda kama mtoto anayepelekwa sindano.
Nikiachia mafuta inasimama hapo hapo,
kwenye mteremko wa msikitini
ambao hata baiskeli ya Mize, isiyo na mnyororo,
huteremka peke yake.

Fundi Mbarouk yuko Mkoani, mazikoni.
Kibanda kimefungwa, kuku wamelala juu ya benchi lake.
Nikaisukuma mpaka uani kwa shangazi,
nikaiegemeza kwenye kreti la soda,
gurudumu la mbele likawa hewani,
nikalizungusha kwa mkono.

Robo.
Robo ya mzunguko, likasimama.
Nikalirudia. Robo.
Shaame, mtoto wa dada yangu, akasema:
"Mama mdogo, kitu kinashika."
Hilo, nikamwambia, hata mbuzi ameliona.
Kinashika wapi?

Nikaanza na kilicho karibu na mkono.
Waya wa breki: kutu ipo, chumvi ya Pemba haimsamehe mtu,
lakini kipini kikirudi, waya nao unarudi.
Nikaufungua kabisa, ukaning'inia,
viatu vya breki vikakosa wa kuvisukuma.
Robo.
Nikalaza sikio kwenye haba
kama ninavyolaza bomba kwenye tumbo la mja mzito.
Hakuna kinachosaga. Hakuna mchanga kwenye beringi.
Kimya tu,
kimya cha mtu aliyebanwa na hataki kusema na nani.

"Ilianza lini?" Shaame akauliza.

Swali hilo mimi nawauliza kina mama kila siku ya Mungu,
kalamu mkononi, kadi magotini,
na leo, kwa honda yangu mwenyewe, sikuliuliza.

Ilianza Alkhamisi. Alkhamisi nilipata pancha,
nikaziba mwenyewe, kwa tochi ya simu,
nikarudisha tairi, nikakaza nati ya ekseli
kwa kuisimamia spana kwa miguu miwili.
Nilijisifu. Niliwaambia watu.

Nikailegeza nati, nusu raundi.
Gurudumu likazunguka, likazunguka,
Shaame akahesabu mpaka kumi na saba, likawa linakwenda bado.
Nikakaza: robo.
Nikalegeza: kumi na tisa.
Basi. Kumbe kinachoshika ni kitu kisichokuwepo.
Bushi. Kijichuma kama pete ya kidole gumba,
kazi yake kukaa katikati tu,
huyu asimkandamize yule.

Tukaitafuta chini ya ngazi, kwenye mchanga,
kwenye kopo la misumari, mfukoni mwa koti la mvua.
Shangazi akatoka na unga mikononi.
"Kijichuma? Cha duara? Nilidhani cha cherehani."
Alikuwa amekishona kwenye pindo la pazia la jikoni,
lisipeperuke motoni.

"Na pazia langu?"
Nikampa kufuli lililopotelewa na ufunguo.
Akalipima kiganjani, akaona linafaa zaidi.

Nikaipaka bushi grisi, nikaitia mahali pake,
nikakaza nati, safari hii kwa mkono mmoja.
Shaame alichoka kuhesabu.
Nilikuwa nishafika barabarani
aliponikimbilia akipunga spana:
"Breki! Mama mdogo, waya wa breki!"
Nikarudi. Nikafunga. Sikumwambia mtu.

Saa nne nimeingia msitu wa Ngezi,
njia ina kivuli, barafu inagongagonga kwenye boksi,
na honda inateleza mbele kama imesamehewa.
Makangale watakuwa wamekaa barazani, watoto wamelala mapajani.

Mshale wa mwendo umeganda kwenye arobaini.
Ulikuwa arobaini hata pale juu ya kreti.
Hilo la siku nyingine.