Juu ya Mabati, Bondeni

Fundi alisema laki tatu na nusu.
Nikamshukuru, nikaenda kununua nyundo.

Nyumba ni ya baba: vyumba tisa, ua mmoja,
mawe ya Njoro yaliyochongwa kwa mkono
mwaka ambao hata yeye hakuwa na hakika nao,
choo mwishoni, bomba katikati,
na maji yaleyale ya Nakuru
yanayopaka meno ya watoto rangi ya chai
na kuacha ukoko mweupe mdomoni mwa bomba.

Wiki ya kwanza nilikwangua kuta.
Chini ya buluu kulikuwa na kijani,
chini ya kijani, rangi ya maziwa yaliyochacha,
na chini ya yote vumbi likamwagika tu
kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa.
Nikakoroga simenti nyepesi, uji wa mgonjwa.
Ikateleza ukutani mbele ya macho yangu.
Bosibori wa namba nne akatua sufuria, akaja na sepetu:
"Mwalimu, mchanga tatu, simenti moja. Maji uyaogope."
Miaka thelathini na mmoja nimefundisha hesabu.

Wiki ya pili, kitasa cha namba tisa.
Wiki ya tatu, kitasa kilekile.

Kisha paa, kabla ya mvua za Aprili.
Ngazi niliazima msikitini.
Nilipanda na goti langu bovu, nikihesabu vidato kwa sauti,
Menengai mgongoni, ziwa mbele likimeta kama kisogo cha sahani.
Nilitarajia kutu na matundu.
Kutu ilikuwepo.
Matundu yalikuwa yamezibwa.

Juu ya namba mbili, kopo la mafuta ya kupikia
limekunjuliwa, likapigiliwa misumari kumi na mmoja,
yote imezama sawa.
Juu ya namba saba, soli ya kandambili na lami.
Juu ya namba tano, bamba la namba ya gari,
tarakimu zikiikodolea mbingu.
Juu ya namba nne, sinia la harusi
lililofunikwa kifudifudi, maua yake ya waridi
yakiitazama dari gizani,
mahali ambapo hakuna jicho.

Nikakaa. Bati likagugumia.

Baba alikuja kila tarehe tano, mikono nyuma,
akatazama milango, hakutazama juu.
Mimi niliyemrithi nilikuja kwa simu:
mlio mmoja, kodi imeingia.
Hakuna aliyekata hata shilingi ya msumari.
Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaijua sote.
Haisemi tu ufa ni wa nani.

Nilipotua nikauliza nani alipanda.
Bosibori akacheka hadi akashika kiuno.
"Mvua ikishaingia kitandani utamngoja mwenye nyumba?
Hiyo soli ni ya marehemu Wabwire.
Namba ni ya Kipsang: gari lilichukuliwa na benki,
namba akabaki nayo."
"Na sinia?"
Akarudi kwenye maharagwe yake,
akayakoroga, ingawa hayakuhitaji kukorogwa.

Leo niko juu tena. Mabati mapya kumi na manane, geji thelathini,
yanameta uani, watoto wanajitazama humo na kutoa ndimi.
Mfukoni nina karatasi ya wakala:
kodi ipande elfu moja na mia tano kuanzia Julai,
kwa ajili ya ukarabati. Ameniachia mstari wa sahihi.
Sina la kutia misumari.
Nimeisokota ikawa kama ya karanga za barabarani,
na inashika vizuri.
Julai itafika, sijui nitasema nini. Simenti nayo ina bei.

Wingu limekalia Menengai.
Nimeanza kung'oa juu ya namba nne, polepole,
sinia nimelilaza kando, nimelifuta kwa kanga.
Nainua nyundo, na sauti inanijia kutoka uani:

"Mwalimu! Shika mpini mwishoni.
Hivyo utachoka kabla ya saa sita."