Usiku wa Nishani, Tampere

Walipoita jina lako walikosea herufi moja,
nawe ukasimama hivyo hivyo, Tellervo,
na viatu vya kuazima vya dada yako Aune,
ukapita kati ya meza za samaki wa moshi
kama mtu atembeaye juu ya ziwa lililoganda
kabla hajaliamini.

Mwenyekiti akasema: kwa umahiri katika uhandisi wa ndege.
Akasema: miaka thelathini na mmoja.
Akasema: usalama wa anga,
maneno yaliyotiwa wanga yakasimama yenyewe.
Mimi, Ensio, fundi wako wa mabomba na feni,
nilikuwa meza ya kumi na tisa, karibu na mlango wa jikoni,
nikihesabu asichokisema.

Hakusema saa tisa za usiku,
handaki la upepo likinguruma, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
nasi tukilirushia bawa ukungu wa maji
kama anyunyiziaye shati kabla ya kulipiga pasi.
Hakusema kidole gumba chako:
ulivyovua glavu ukalipapasa bawa
hata ngozi ikabaki pale, kipande kama senti,
ukasema, "Hapa. Ensio, hapa panaparuza."
Sikuona kitu. Nikaleta tochi. Sikuona kitu.
Nikaleta lenzi ya marehemu baba yangu, fundi saa,
ndipo nikauona: ukoga wa barafu,
mwembamba kuliko karatasi ya sigara, una vipele,
na upepo uliokuwa ukipita bila neno
ukajikwaa hapo, ukaliachia bawa.

Tuliambiwa ni kidogo mno.
Barua tatu kutoka Helsinki: ni kidogo mno.
Ukazibandika juu ya birika la kahawa,
na chini yake, kwa kalamu nyekundu,
ukaandika huo udogo unaiba kilo ngapi
ndege inapoinua pua.

Leo wanakutunza kwa jambo ambalo halikutokea.
Nani aliwahi kupiga picha ya ndege isiyoanguka?
Uko wapi msitu ambao haukuungua?
Yuko wapi mjane asiyekuwa mjane?
Labda yuko Rovaniemi jioni hii, anamgombeza mumewe
kwa kuingiza theluji ya viatu sebuleni,
wala hajui kwamba ugomvi huo
umeugharimia wewe
kwa ngozi ya kidole.

Hotuba yako ilikuwa sentensi nne. Ya tatu uliisahau.
Watu wakaupigia makofi ukimya wake.

Halafu mlangoni, koti likiwa begani:
"Ensio, ufunguo unao?"
Ninao. Siku zote ninao.

Saa sita na nusu za usiku tukawasha taa za karakana.
Ukaifunga nishani kwa waya pale tunapofungia bawa,
utepe wake wa buluu ukautia mfukoni.
(Ni shaba tu, ulisema ukiipima kiganjani, dhahabu imepitishwa juu.)
Tukawekeana dau la andazi la mdalasini:
barafu itaanzia wapi?
Wewe ukasema ukingoni. Mimi, kwenye tundu la utepe.
Nikawasha feni. Nikafungua ukungu.
Viatu vya Aune ulishavivua, umesimama na soksi
kwenye sakafu baridi ya saruji,
paji la uso umelibandika kiooni.

Sote tulishindwa dau.
Palipo laini maji yaliteleza yakaenda zake.
Ilianza kwenye jina,
ndani ya mifereji ya patasi, herufi baada ya herufi,
na ile waliyoikosea, maana waliikosea hata kwenye shaba,
ikajaa mapema kuliko zote,
ikaota ndevu nyeupe.

Ulicheka hata kahawa ikamwagika kwenye gauni.
Kisha ukavuta daftari, lile la jalada la kijani,
ukaandika tarehe, nyuzi, kasi ya upepo,
na mwishoni, kwa mwandiko wako ule wa kubanana:
Uso: dhahabu, laini.
Chanzo cha mkwaruzo: jina langu.