Hariri, Moja

Baada ya arobaini walifungua sanduku,
Shangazi Mize kwa ufunguo, Bi Mwanatumu kwa msumari,
maana ufunguo ulikuwa wa sanduku jingine.
Tanga, Ngamiani, Barabara ya Kumi. Saa nne, na joto limeshafika.

Juu kaniki. Chini yake leso mbili zilizoliwa na mende.
Chini kabisa, ndani ya gazeti lililopauka,
kitambaa rangi ya nyama ya fenesi,
kinateleza mkononi kama kinachokataa kushikwa.

"Lasi hii," akasema Mize.
"Lasi unaijua wewe? Hii atlasi."
"Atlasi si ile ya ramani?"
Wakacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Mimi, ninayelipwa kusahihisha vitabu vya shule,
nikadakia: jina moja, vitu viwili.
Hata dibaji, ile wasomaji wanayoiruka,
ilikuwa nguo kwanza, hariri nzito ya maua;
Waarabu wakaivua, wakakivisha kitabu.
Na mimi je, kazi yangu si kuhariri?
Wakanitazama kama mtu aliyepiga chafya katikati ya dua.

"Majina ni ya wauzaji," akasema Mwanatumu.
"Hatimali, gora likimlalia dukani, alilipa jina jipya:
Jumatatu Macho ya Mpwa,
Ijumaa Liwali Hakulala.
Tukanunua mara mbili kitu kilekile."

Marehemu alikiita hariri, basi.
Alikinunua kwa miezi minane ya kuanika mkonge Ngomeni,
vidole vimechanika vikikwaruza kila alichogusa,
hata shavu langu.
Nadhani hakuwahi kukivaa. Kingenasa.

Mize akachomoa uzi mmoja, akaomba kiberiti.
Hariri, alisema, hunuka unywele unaoungua;
imetoka tumboni mwa kiwavi, ina mwili.
Uzi ukashika moto upesi.
Chumba kizima kikanuka karatasi.

Hakuna aliyesema neno.
Mwanatumu akafungua dirisha,
akauliza kama chai ingalipo.

Kisha wakanipa daftari niandike mirathi:
cherehani, masufuria saba, kinu bila mchi.
Kalamu niliyokuwa nayo ni ile nyekundu ya kazini.
Nikaandika: hariri, moja.
Nikasoma tena, kwa mazoea.
Sikugusa kitu.