Namba ya Nyumba

Sehemu ya tatu: anwani ya makazi.
Namba ya nyumba. Mtaa. Msimbo wa posta.
Nimeandika: Tukuyu.
Kisha nikakaa, kalamu mdomoni,
mvua ikigonga bati kama mdai.

Nyumba yetu haina namba.
Ukifika kwa Mwakalobo mwenye mashine ya kukoboa
unaipita migomba, unasikia ng'ombe akikohoa.
Hapo.

Mama anauliza kama Hungaria kuna baridi.
Amekwisha kuninunulia sweta, la mtumba,
la mtoto wa huko huko, nadhani:
shingoni limeshonwa jina nisiloweza kulitamka.
Sweta linaijua njia. Mimi bado.

Baba hasemi.
Alfajiri alimswaga mnadani yule mtamba
niliyemvuta kwa mikono yangu usiku wa Pasaka,
akazaliwa miguu mbele, kakataa kufa.
Jioni baba akarudi na kamba.
Ameitundika pale pale, kwenye msumari wake.

Sehemu ya saba: mdhamini wa masomo.
Ambatanisha taarifa ya benki.

Naitazama kamba.
Naandika jina la baba, Ambakisye,
kwa herufi kubwa, kama walivyoagiza,
na kalamu inagoma kwenye K.