Huamini

Mji huu huandikwa Keighley, hutamkwa Kithli.
Hilo lilikuwa somo langu la kwanza:
kilichoandikwa si lazima kiwe ndicho kisemwacho.
La pili alinipa Bi Ackroyd, mlezi wangu,
Januari, akikwangua barafu kwenye kioo cha gari
kwa kadi ya maktaba:
"Usiseme Wakristo huamini. Sema wengi. Sema baadhi.
Darasani huna dini, Bwana Shemhilu. Una vyanzo."

Baba yangu, kule Lushoto, alifundisha kipaimara
kwa fimbo ya mpera na swali lisilobadilika:
maana yake nini?
Jibu lilikwishapikwa kabla hatujazaliwa,
kazi yetu kulimeza bila kutafuna.
Mimi nina miaka thelathini na tisa,
kumi kati yake nimepakia vifurushi ghalani zamu ya usiku,
na sasa nafundishwa kuuliza
bila kujibu.

Usiku naandika andalio la somo kwa Kiingereza,
pembeni, kwa penseli, Kiswahili, nisipotee.
Darasa la tisa. Mada: baada ya kifo.
Wakristo wengi huamini ufufuo.
Masingasinga wengi huamini roho hurejea.
Hapo nikasita.
Kitenzi kile kimekaa bila mwenyewe,
hakina ni, hakina wa,
nyumba iliyohamwa taa ikiwaka.
Nikakisoma tena, polepole, kikanigeuka:
huamini.
Wewe, huamini.
Nikafunga daftari. Ng'ambo ya ukuta
mashine ya kufulia ya jirani ilikuwa inakamua.

Jumatatu, Juni, kipindi cha tatu.
Haroon anaomba kwenda chooni mara ya pili,
Kuba amechora shetani mzuri kuliko wa kitabuni.
Niko slaidi ya nne.
Demi Sugden, ambaye tangu Septemba hajanyosha mkono
ila kutaka dirisha lifunguliwe,
ananyosha.
"Babu yangu amekufa Jumamosi. Yuko wapi?"

Pole, Demi, nasema. Halafu ulimi, uliokaririshwa,
unajiendea wenyewe: watu wengi huamini kwamba...
"Sikuuliza wengi," anasema. "Nimekuuliza wewe."

Bi Ackroyd, kule nyuma, anaacha kuandika.
Uwanjani mashine inakata nyasi, inakwenda, inarudi.
Andalio langu lina kisanduku cha kila jambo:
cha wenye vipaji, cha wanaosoma kwa taabu,
cha moto ukizuka.

Sijui, nasema. Natumaini. Lakini sijui.

Haikumtosha. Niliona usoni mwake isivyomtosha.
Nikauliza kile tuulizacho matangani:
alikuwa mtu wa namna gani?

"Alifuga njiwa wa mashindano.
Alipokufa walikuwa tayari Ufaransa,
lori limeshawapeleka.
Wakafunguliwa Jumapili.
Wamerudi wote ila mmoja.
Hakuna nyumbani aliyejua kuisimamisha saa."

Kuba akauliza waliijuaje njia.
Haroon akasema sumaku. Mwingine akasema jua.
Wakabishana mpaka kengele,
slaidi nane zikabaki zimelala ndani ya kompyuta.

Bi Ackroyd aliandika: Muda umepotea, dakika kumi na saba.
Lengo la somo halikufikiwa.
Alhamisi, kwenye foleni ya chai, bila kunitazama,
aliuliza kama yule mmoja amerudi.
Sikuwa nimeuliza.

Na sasa madaftari, mezani, karibu na sahani.
Taja imani mbili kuhusu maisha baada ya kifo. Alama mbili.
Demi ameandika:
Wakristo wengi huamini ufufuo.
Babu aliwaamini njiwa.

Nimeupekua mwongozo wa usahihishaji mbele na nyuma.
Una Yohana, una Wakorintho, hauna njiwa.
Moja kati ya mbili, ndivyo unavyotaka,
na maoni mafupi: taja andiko.

Kalamu ya kijani nimeishika tangu saa mbili.
Inakaribia saa nne,
na mbingu ya Juni, huku,
bado haijakubali kuwa ni usiku.