Mipira Sita, Minne, Miwili

Usiku wa kwanza nilijaza beseni la kufulia.
Nilidhani ni pilau ya msibani,
hadi Aikande alipowasha tochi ya simu
akanyamaza.
Miaka thelathini ya ndoa, sijawahi kumsikia anyamaze namna ile.

Haikuuma. Hilo ndilo lililonitisha:
damu ilipanda tu, vuguvugu,
kama mgeni anayeijua njia.
Kutoka Chekereni hadi KCMC, nyuma ya Noah ya jirani,
kila tuta la barabarani nililiombea.

Daktari akaanza kuchora ini nyuma ya fomu ya maabara.
Nikamwambia, usihangaike, mwanangu,
mimi ni mgawa maji wa mfereji wa tatu.
Lango kuu likizibwa na tope
maji hayarudi mlimani.
Yanatafuta vijia vya pembeni,
yanavimbisha kingo zisizozoea mzigo,
na siku moja ukingo unapasuka
shambani kwa mtu asiye na kosa.
Akaweka kalamu chini.
"Basi, umenimalizia maneno."

Na tope lililetwa na nani?
Kichocho, akasema. Konokono
wa majaruba yaleyale yaliyonisomeshea watoto.
Tangu nina miaka tisa nimesimama humo,
suruali imekunjwa magotini, nikipanda,
wala sikujua kuwa nami napandwa.

Wanafunga mishipa kwa mpira.
Si fumbo. Mpira kweli, mweusi,
mdogo kama pete ya mtoto mchanga.
Unalala ubavu wa kushoto, tumbo tupu tangu usiku wa manane,
wanakupulizia dawa chungu, ulimi unakuwa wa mtu mwingine,
kisha bomba jeusi lenye jicho la taa
linateremka kukagua kingo.
"Pumua kwa pua, baba," Sista Namnyaki anasema,
mkono wake begani, mzito, wa kweli.

Sita, siku ile.
Baada ya wiki tatu, minne.
Kisha miwili.
Kisha hakuna wa kufunga, nikafikiri tumeagana,
nikamletea Sista kilo tano za mchele.
Akapokea. Akaandika kwenye kadi:
miezi mitatu. Halafu sita. Halafu kila mwaka.
Hadi lini?
Akanitazama kama mimi ninavyowatazama
wanaoniuliza ni lini tutaacha kuzibua mfereji.

Kuna na kidonge, asubuhi na jioni,
cha kuuambia moyo: taratibu.
Kabla ya kunipa, Aikande hunishika kifundo cha mkono,
macho kwenye saa ya ukutani, midomo inahesabu.
Ikiwa chini ya hamsini na tano, leo hupewi.
Hata uchumba wetu haukuwa na kushikana huku.
Mara nyingine huhesabu dakika ya pili.
Simuulizi.

Mbege ya harusi ya mpwa wangu niliinusa tu.
Mgongo ukiniuma, zile dawa za dukani ni marufuku.
Kila alfajiri nachungulia choo kabla ya kukifunika:
kikiwa cheusi kama lami, ni safari.
Navaa mabuti hadi magotini, vijana wananicheka,
mgawa maji anaogopa maji.
Wacheke. Nimewaambia wakapimwe.
Wawili wamekwenda.

Jumamosi Aikande hufunga mchicha wa kupeleka Mbuyuni
kwa vikanda alivyokata kwenye tyubu ya baiskeli.
Zamani nilipita bila kuona.
Sasa kila akikaza fungu
nameza mate,
naye anajua, anageuka upande.

Tarehe kumi na nne mwezi wa tatu
imeangukia zamu yangu ya maji.
Nimebadilishana na Kiwelu; yeye atakesha langoni,
mimi nitakuwa na njaa, nikisubiri kuitwa jina.
Nimemwachia koleo, tochi,
na neno moja, nikalirudia mara mbili
kwa sababu ana haraka yule kijana:
usilifungue lote.