Shahidi Huru

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Nkuhungu,
upepo wa Julai unasukuma vumbi chini ya mlango.
"Balozi, tunakuhitaji kwa Ndahani."
Nikavaa sweta, nikajifunga kitenge juu yake,
maji ya uji nikayaacha yakilalamika jikoni.

Inspekta alikuwa na hati yenye muhuri wa mahakama.
Nikaomba niisome. Akanisubiri.
Miwani yangu ina mguu mmoja, nasoma polepole:
nyumba hii, siku hii, si ya jirani, si kesho.
Walipofika kizingitini nikasema, simameni.
Jipekueni ninyi kwanza.
Wakageuza mifuko nje kama matumbo ya kuku:
peni, tiketi ya basi la Kondoa, pipi ya kifua,
bangili ya shanga, ya mtoto nadhani.
Asiingie mtu na kitu atakachokuja kukiokota.

Godoro likainuliwa. Gunia la uwele likamwagwa turubaini;
nikasema lirudishwe, likarudishwa, punje nyingine zikabaki.
Koplo Siwema aliandika huku akitamka:
simu tatu, moja kioo kimepasuka;
kompyuta mpakato moja, ya kijivu;
kopo la maziwa, ndani shilingi laki nne na themanini.

Hapo nikakohoa.
Kopo lile nalijua. Ni la kikoba chetu,
Jumatano tulimkabidhi Tabea alitunze.
"Elfu arobaini ya humo ni yangu."
Inspekta akanitazama kama aliyetafuna jiwe kwenye wali.
Akafikiri. Akasema, andika hivyo hivyo.
Jina langu likaingia kwenye karatasi mara mbili.

Lakini hawakufuata kopo.
Walifuata pesa isiyo na noti,
isiyo na picha ya mnyama, isiyofichika kwenye soksi.
Nikauliza, sasa mtaibeba na nini?
"Bibi, ni maneno ishirini na manne. Anayeyajua, zake."

Yalikuwa kwenye daftari la mtoto wa darasa la nne,
kati ya jedwali la saba na mchoro wa utumbo,
kwa kalamu nyekundu.

"Usitazame," Inspekta akaniambia.
Mimi? Miaka kumi na moja naitwa kuona.
Nimeona bangi ndani ya pipa la pombe,
nimeona pikipiki iliyozikwa kwenye mizabibu.
Sijawahi kuitwa nisione.
"Ukiyasoma umeshika ufunguo. Hata mimi siyasomi."
Kweli, alikuwa anatazama dari.
Basi tukatazama dari sote, serikali na raia,
tukahesabu misumari ya bati,
Koplo akipapasa daftari hadi likaingia kwenye bahasha.

Lameki peke yake alitazama sakafu.
Akaulizwa kama anayo kichwani.
Hakujibu. Hati haikusema lazima ajibu.

Kwenye safu ya thamani Koplo akaandika,
akachungulia simu, akakata kwa mstari mmoja, akaandika tena.
Imeshuka, akasema, tangu tulipobisha hodi.

Nikatia sahihi ukingoni mwa bahasha,
nusu kifunikoni, nusu tumboni:
atakayeifungua
atampasua Perusi katikati.

Tabea akapewa nakala.
Akaikunja, akaikunja tena,
akageuka kutafuta pa kuiweka.
Kopo halipo.